Chembe za Upinde Mwepesi

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi nilikuwa muuguzi wa nyumbani wa mjane mmoja wa Kikatari aliyeishi shambani huko Umm Salal, nje ya Doha. Alikuwa amepita miaka hamsini na mitano, mrefu, mwenye sauti ya chini, na bega lake la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji baada ya kuanguka ngazini. Kazi yangu ilikuwa bega lile. Kila asubuhi dereva wake, Mganda wa makamo aliyekuwa seremala kabla ya kuja Ghuba, alinichukua Abu Hamour nilikokaa na wauguzi wenzangu wa Kenya, tukaelekea kaskazini ndani ya ukungu wa vumbi na mvuke. Majengo yalielea mle kana kwamba jiji lilikuwa bado halijaamua pa kukaa. Nilisinzia karibu njia nzima. Labda ndiyo sababu hadi leo naikumbuka nyumba ile kama mtu anayekumbuka alichokiona kati ya usingizi na kuamka.

Siku moja ya mwezi wa sita alinishika mkono, akanipeleka kwenye majlisi ya wanaume, ukumbi ambao haukuwa umefunguliwa tangu mumewe afe. Ulikuwa mrefu, hatua ishirini na mbili kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho. Mito ya kuegemea ilijipanga kandokando ya kuta zote mbili ikisubiri wageni, na mapazia mazito yaliufanya mwanga wa jua uingie kijani, kama mwanga wa chini ya maji. Mwisho wa ukumbi, palipokuwa pakikaa kiti cha mwenye nyumba, alikuwa amesimamisha shabaha nene ya sponji ngumu. Kwenye zulia, karibu na miguu yetu, palikuwa na upinde wa jadi, usio na magurudumu wala darubini, mbao tupu na upote wake, ule ugwe wa kuvutia. Pembeni yake kulikuwa na fungu la mishale na kisanduku cha bati.

"Daktari amesema naweza kuanza kuvuta," aliniambia. Tuliongea Kiingereza chetu cha nyumbani kilichojaa Kiarabu, ila kichwani mwangu maneno yake yote yamebaki kwa Kiswahili. "Zamani nilivuta upinde wa ratili hamsini na tano. Sasa ni arobaini, wala si zaidi. Sista, mwezi wa kumi nataka kwenda kuwinda ayala."

Ayala nilimjua kwa zaburi tu. Akanionyesha picha kwenye simu: mnyama wa rangi ya udongo, mkubwa kuliko kulungu wa kwetu, mwenye pembe zilizotawanyika kama matawi ya mti uliopukutisha majani. Ilipigwa Hungaria, ambako mwanawe alisomea udaktari na akabaki. Yeye na mumewe walikwenda huko kila mwaka kuwinda kwa upinde, maana nchi ile inaruhusu.

"Na safari ya mwisho?" nikauliza, kwa kuwa alikuwa ameitazama ile picha muda mrefu.

Alikaa kwenye mto mmojawapo. Mwaka wa mwisho, akasema, alimpiga dume begani. Mshale uliingia kidogo tu, ukakwama kwenye mfupa, na yule dume akakimbia nao. Walifuata matone ya damu mpaka kwenye kijito, na pale matone yakakoma. Walitafuta siku mbili na mbwa. Mumewe alimwambia asijilaumu, mambo hayo hutokea. Kisha mumewe akafa miezi minne baadaye, kwa moyo, na yule mnyama na yule mume wakachanganyika katika ndoto zake. Aliota akifuata damu kwenye majani, na mbele yake anayetembea ni mumewe.

"Wakati ule nilikuwa na nguvu na bado nilikosea," alisema. "Sasa nguvu sina. Kwa hiyo lazima chembe, ile ncha ya chuma, na mshale wenyewe viwe sawasawa. Nikimpiga, afe upesi. Nikiona haiwezekani, nitabaki hapa nimwagilie mitende."

Sijui ni nini kilinifanya niseme. Nilikuwa nimejifunza kutosema mambo ya kwetu katika nyumba za watu. Nikamwambia kwamba mimi ni binti wa fundi mishale. Baba yangu alitengeneza mishale kule Kitui hata baada ya uwindaji kupigwa marufuku, akiwauzia watalii, na akawa anatengeneza ile ya kweli na ile ya mapambo kwa uangalifu uleule. Nilijua jinsi wano, ule uti wa mshale, unavyonyooshwa juu ya makaa, na nilijua manyoya yanafungwaje kwa uzi wa ukano.

Alinitazama kana kwamba nimeingia mlangoni sasa hivi.

"Basi kaa chini," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyoishi majira yale. Nje joto liliwafanya hata njiwa wakae kimya. Ndani ya ukumbi mashine za ubaridi zilivuma, na sisi wawili tulikaa miguu wazi juu ya zulia, kisanduku kati yetu. Kwanza nilimkanda bega na kumfanyisha mazoezi, kisha alirusha mishale minane. Nilihesabu mimi. Alipoomba wa tisa nilikataa, na kwa kuwa alikuwa mtu aliyezoea kutii wenye ujuzi, aliuweka upinde chini.

Kisandukuni kulikuwa na chembe za kila namna. Nyingine zilikuwa na makali matatu, mapana, za kutisha, na ndizo alizotumia na mumewe. Nyingine zilificha mbawa zao kama mwavuli uliofungwa. Muuzaji aliwaambia zinajifungua zikigonga mnyama na kufanya jeraha kubwa. Na kulikuwa na chache za makali mawili tu, nyembamba na ndefu kama jani la mwarobaini, ambazo mumewe hakuwahi kuzitoa kwenye karatasi zake.

Mimi sikuipenda hata moja. Kwa majivuno ya mtoto wa fundi nilisema, "Madamu, hizi zote ni kubwa. Pinde za kwetu nazo hazikuwa nzito sana, na wazee waliangusha wanyama wakubwa kuliko ayala. Chembe zao zilikuwa ndogo, kama kucha."

Dereva alikuwa na kijikarakana nyuma ya nyumba. Nilimchorea kwenye karatasi chembe ya baba, akafua misumari mitatu mirefu mpaka ikawa bapa, akaitia makali kwa tupa. Zilifanana na za baba kiasi kwamba nilipozishika nilisikia harufu ya moshi ambao haukuwepo.

Tulihitaji kitu cha kuzijaribia, maana sponji haina mfupa. Madamu alitaka kununua mbavu za mbuzi. Dereva, ambaye ni Mwislamu mpole lakini mwenye msimamo, alikohoa kidogo.

"Chakula kisichezewe, Mama," alisema. "Nitaenda sokoni Abu Hamour. Wachinjaji wanatupa ngozi, na mbavu zilizokwisha kutolewa nyama. Hizo zinatosha."

Akarudi na ngozi za mbuzi na mbavu za ndama zilizokwanguliwa, amezifunga kwa nailoni. Tukatandaza turubai juu ya zulia, tukazitundika mbavu zile mbele ya shabaha na kuzifunika ngozi. Ukumbi uliokuwa ukinuka udi ukaanza kunuka bucha.

Chembe za mbawa ndizo zilizotuangusha kwanza. Mshale uligonga, mbawa zikafunguka, na nguvu zote za upinde zikaishia katika kule kufunguka. Uliingia kina cha kidole. Zile za makali matatu zilipita vizuri zilipokosa mfupa, lakini zilipougusa ubavu zilisimama palepale, na mshale ukabaki ukitikisika. Madamu alikwenda akaushika kwa vidole viwili. Nilijua alikuwa Hungaria, kwenye kijito.

Kisha akavuta na chembe ya baba. Ilipita ngozi, ikapita kati ya mbavu, ikazama kwenye sponji mpaka karibu na manyoya. Niligeuka kumwangalia dereva nikiwa nimejaa furaha. Lakini Madamu alikuwa tayari ameuchomoa mshale na kuinama mbele ya ngozi.

"Sista, njoo uniambie mshale umeingilia wapi."

Nilitafuta. Tundu lilikuwa limejifumba. Ilinibidi nipapase kwa kidole kuliona, dogo kama alama ya sindano nene.

"Hapa damu haitoki," alisema. "Atakimbia nayo yote ndani. Wazee wenu walifanyaje?"

Jioni ile, chumbani Abu Hamour, nilimpigia mama simu. Nilimweleza yote, na mama akacheka polepole, kicheko cha mtu anayefua nguo huku anaongea.

"Mwanangu, umesahau sufuria ya nyuma ya boma?"

"Ipi?"

"Ile ambayo mlikatazwa hata kuisogelea. Baba yako na baba yake walichemsha magome humo siku nzima. Chuma kile unachokisifu kilikuwa mfuko tu wa kubebea sumu. Sumu ndiyo iliyoua. Bila sumu ile chembe ni msumari."

Nilikaa na simu mkononi. Maisha yangu yote nilikuwa nimejivunia ukali wa mishale ya kwetu, kumbe nilijivunia kitu kisicho chenyewe. Sikuhuzunika hasa. Ilikuwa kama kumjua baba upya baada ya miaka, na kumkuta mwerevu kuliko nilivyodhani. Alijua upinde wake hauna nguvu ya kukata, akatafuta njia nyingine.

Kesho yake nilimwambia Madamu ukweli. Nilitarajia kwamba atakasirika kwa siku tulizopoteza. Yeye akafikiri, akasema, "Sisi sumu hatuna, na hatutaitumia. Kwa hiyo tunataka kitu kinachoingia kama cha baba yako na kukata kama kisu."

Akafungua karatasi za zile nyembamba za makali mawili.

Mishale tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mumewe, iliyokatwa kwa upinde mzito. Wano zake, mirija ya kaboni yenye uwazi ndani, zilikuwa ngumu mno kwa upinde wa ratili arobaini. Baba alinifundisha bila kunifundisha kwamba mshale huondoka ukijipinda kama samaki, na kwamba usipoweza kujipinda hautaufuata mkono. Tukang'oa manyoya kwenye mmoja ili tuone tabia yake ya asili, maana manyoya huficha makosa. Madamu akaurusha hatua kumi. Ulikwenda kushoto, mbali na wenzake. Akaurusha tena, kushoto tena.

"Unahitaji kichwa kizito," nilisema. "Ukiwa na uzito mbele utalazimika kujipinda zaidi."

"Lakini utakuwa mzito wote. Utakwenda polepole."

"Mtu mwepesi akigonga mlango, Madamu, anarudi nyuma. Mzito anaingia nao, hata akitembea."

Alicheka, mara ya kwanza mimi kumsikia akicheka. Akaleta mizani ndogo ya kupimia dhahabu, iliyokuwa ya mama yake, na juu ya sahani yake tukaanza kupima vipande vya shaba nyekundu ambavyo dereva alivikata na kuvitumbukiza ndani ya mdomo wa wano, nyuma ya chembe. Tuliongeza kidogo, tukarusha, tukaongeza tena. Siku zilipita hivyo, sijui ngapi. Nakumbuka mwanga wa kijani, na mshale usio na manyoya ukielea kuvuka ukumbi ule taratibu kiasi kwamba niliweza kuufuata kwa macho. Kila siku ulisogea kulia kidogo, na siku moja ukatua katikati ya wenzake na kunyooka.

Dereva, aliyekuwa amekuja kuchukua turubai, alivua kofia.

Siku iliyofuata tukajaribu chembe nyembamba kwenye ubavu. Ilipougusa mfupa iliupasua, ikaendelea. Tundu kwenye ngozi lilikuwa mkato mrefu, midomo wazi. Madamu alipitisha kidole juu yake mara mbili.

Iliyobaki ni makali. Kazi hiyo nilijitwalia mimi. Nilikaa dirishani na jiwe la kunolea na mafuta kidogo, pembe ileile, upande huu na upande ule, nikisikiliza sauti ya chuma ikibadilika kutoka kukwaruza hadi kunong'ona. Niliijaribu chembe kwenye nywele za mkono wangu wa kushoto mpaka pakawa na kipara, na wenzangu chumbani wakaniuliza nimeungua na nini. Kisha nikavuta mpira wa kufungia noti, nikaugusa tu na chembe. Ukakatika. Ile ambayo haikuukata kwa kuguswa ilirudi kwenye jiwe.

Dereva alinitazama siku moja nikifanya hivyo, akachuchumaa kando.

"Dada, unajua hata kwetu katika dini jambo hili limo? Mshale ukimchoma mnyama kwa makali, na aliyerusha amelitaja jina la Mungu, nyama yake ni halali. Ukimuua kwa kishindo, kwa ubavu wa mti wake, huyo ni mzoga. Kwa hiyo hapo unapokaa na jiwe lako, unafanya kazi ya mchinjaji."

"Mimi ni Mkristo, kaka."

"Kisu hakiulizi," akasema, na kwenda zake kuosha gari.

Neno lake lilinikaa. Maana kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Mimi nilisomea kuziba majeraha. Mchana nilishika bega la mwanamke nikilitaka lipone, na saa ileile nilinoa chuma kitakachofungua mwili wa mnyama ambaye sijawahi kumwona. Nyakati nyingine, katika ule usingizi wa garini, nilimwona ayala amesimama katikati ya vumbi la mji mpya wa Lusail, kati ya winchi za ujenzi, akigeuza kichwa. Sikujua anataka niseme nini.

Kabla ya safari tulikubaliana masharti, na niliyaandika mimi kwa mkono kwenye kadi ya dawa. Hatua kumi na mbili, si zaidi. Mnyama awe amesimama ubavu, au amempa mgongo kidogo, kamwe asiwe anamwangalia. Mshale upite nyuma ya bega, palipo na mapafu, na si kwenye mfupa wa bega. Akishaurusha, akae chini nusu saa bila kufuata. Bega likiuma, asivute. Aliisoma kadi, akaiweka ndani ya podo pamoja na mishale mitano.

Aliondoka mwishoni mwa mwezi wa tisa. Kwa siku nane sikusikia lolote. Nilipangiwa mgonjwa mwingine wa muda, mzee mpole wa kisukari, nikawa nakosea kumwita Madamu.

Siku ya tisa simu ililia nikiwa garini. Dereva, ambaye Madamu alimwagiza aendelee kunibeba, alikuwa akinirudisha Abu Hamour.

"Sista," ilisema sauti yake ya chini, na nyuma yake nikasikia upepo kwenye majani. "Amelala. Hatua arobaini kutoka nilipompiga. Nilimwona akianguka."

"Na bega?"

"Linauma," akasema. "Acha liume."

Nilipokata simu dereva aliuliza jambo moja tu, kama damu ilitoka. Nikasema nadhani ilitoka. Akaegesha gari kando ya kibanda cha chai ya karaki, akaleta vikombe viwili vya karatasi, tukanywa. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa nalia, wala sikujaribu kuvitenganisha.

Aliporudi alinisimulia yote. Siku sita za kwanza msituni ayala walipita mbali, hatua ishirini, ishirini na tano, mmoja wao mkubwa sana, na mwanawe akamnong'oneza avute. Hakuvuta. Siku ya saba bega lilikataa, akabaki kitandani. Siku ya nane, jioni yenye ukungu, dume la makamo, pembe moja imevunjika, lilitoka vichakani na kusimama ubavu, karibu kiasi cha kusikia likitafuna. Alilitaja jina la Mungu. Hakukumbuka kuachia. Mshale ulipita mwili mzima na kuchomeka ardhini ng'ambo, na yule mnyama akaruka mara moja, akatembea kama anayekumbuka jambo, akapiga magoti.

"Nilikaa nusu saa, kama ulivyoandika," alisema. "Ndiyo nusu saa ndefu kuliko zote maishani mwangu. Kisha nilienda nikakaa karibu naye. Nilidhani nitamfikiria yule wa zamani, au baba watoto. Sikumfikiria yeyote. Alikuwa yeye tu, na ukungu."

Usiku huo, akaniambia, alilala bila ndoto, na nyama waliila na mwanawe na mlinzi wa msitu, imechomwa na chumvi peke yake.

Daktari alipolipima bega alikunja uso. Ule ukano ulioshonwa ulikuwa umevutika. Madamu hakubishana. Alinipa upinde niushushe upote, maana ukiachwa umevutwa mbao huchoka, nikaukunja upote ule kwenye kitambaa, naye akanyoosha mkono juu ya mto ili tuanze mazoezi upya, yale ya mwanzo kabisa, ya kufungua na kufumba vidole.